Muulize Fundi: Kompyuta yasema imechapa, karatasi siioni

Shikamoo Fundi. Mimi ni katibu muhtasi katika ofisi ndogo yenye kompyuta nne. Tatu zinatumia Linux Mint, ya mhasibu peke yake ndiyo yenye Windows. Tuna printa moja ya leza, iko kwenye Wi-Fi. Kompyuta ya mhasibu inachapa. Simu yangu inachapa bila kuulizwa chochote. Linux zetu ndizo zinazonitesa. Nimeiweka printa hiyohiyo mara tano, sasa kwenye orodha kuna printa tano zenye majina yanayofanana. Moja inasema kazi imekamilika na hakuna kilichotoka. Nyingine ilitoa kurasa 43 zilizojaa alama nisizozijua, na juu ya ukurasa wa kwanza pameandikwa %!PS-Adobe-3.0. Nyingine ilifanya kazi siku mbili, ikanyamaza. Nimepakua draiva tatu tofauti. Jana nimebeba muhtasari wa kikao kwenye flashi kwenda kuchapia kwa mhasibu, na mimi ndiye niliyewashawishi wenzangu tuhamie Linux. Niambie kweli, Linux haiwezi kuchapa?

Marahaba, mwanangu. Aibu hiyo iondoe moyoni, ofisi yako haikukosea kukusikiliza.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikayapigia mstari maneno sita: simu yangu inachapa bila kuulizwa chochote. Hiyo simu ndiyo shahidi wako mkuu. Haina draiva, yaani programu ya kuizungumzia printa fulani kwa lugha yake, ya printa yenu hata moja. Inachapa kwa kuwa printa yenyewe inaijua itifaki ya IPP, yaani lugha ya pamoja ya kuchapia kupitia mtandao, na inapokea kurasa katika muundo ambao kifaa chochote kinaweza kuuandaa. Apple ndio walioupa utaratibu huu umaarufu mwaka 2010 walipoleta AirPrint kwenye simu zao, kisha ukaja mwenzake wa wazi uitwao IPP Everywhere. Linux inavielewa vyote viwili. Maana yake ni kwamba zile draiva tatu ulizopakua hukuzihitaji, na naogopa kusema kwamba ndizo zilizokupoteza.

Nalisema hili nikilijua. Miaka kadhaa nyuma nilikesha usiku mbili mfululizo katika ofisi niliyokuwa nikiihudumia, kuna ripoti iliyotakiwa asubuhi, na kompyuta inarudia ujumbe uleule: printa haijibu. Nikaamini draiva ni mbovu. Nikaitoa, nikaweka nyingine, nikaitoa, nikaweka toleo la zamani zaidi. Alfajiri ya siku ya pili ndipo nilipoinuka kitini nikaenda kwenye printa yenyewe, nikabonyeza menyu yake ndogo, nikaiambia ichape ukurasa wa taarifa za mtandao. Ukatoka. Anwani ya IP, yaani namba ya printa kwenye mtandao, iliyoandikwa pale iliishia na 37. Kompyuta yangu usiku kucha ilikuwa ikituma kazi kwenye anwani inayoishia na 24. Umeme ulikatika siku tatu kabla, ruta ilipowaka ikagawa anwani upya, na ile 24 ilikuwa imekwenda kwa simu ya mtu. Hakuna draiva duniani ambayo ingeniokoa. Nilipoirekebisha anwani, kazi zote zilizokuwa zikisubiri kwenye foleni zikatoka kwa mpigo, ripoti ileile nakala kumi na moja.

Tangu siku hiyo nina desturi moja: kabla ya kugusa draiva, naiuliza anwani. Na wewe tuanzie hapo.

Kwanza tusafishe. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike `cancel -a` ili foleni zote ziwe tupu, usije ukapata nakala kumi na moja kama mimi. Kisha andika `lpstat -v`. Amri hii inakuonyesha kila printa uliyoiweka na mahali inapopeleka kazi. Nakuhakikishia utaona mistari ya namna hii:

`device for Leza: socket://192.168.1.24:9100`
`device for Leza-2: lpd://192.168.1.24/queue`
`device for Leza_ofisi: implicitclass://Leza_ofisi/`

Tazama mstari mmojammoja, hapa ndipo kila dalili uliyoniandikia inapojieleza.

Ule unaoanza na socket unatumia poti 9100, poti ikiwa ni mlango wenye namba wa kupitishia data. Njia hii ni kongwe na ni nyepesi mno: kompyuta inamimina data kwenye poti hiyo, na ikishamaliza kumimina inahesabu kazi imekwisha. Printa imeelewa au haikuelewa, hilo halimo. Ndiyo maana uliambiwa kazi imekamilika huku trei ikiwa tupu. Zile kurasa 43 nazo zilipita kwenye njia ya aina hii. Ulichagua draiva ya PostScript, kompyuta ikaandika maelekezo ya kuchora ukurasa kwa lugha hiyo, na %!PS-Adobe-3.0 ndiyo salamu ya kufungulia faili la PostScript. Printa yenu haijui PostScript. Ilipoona maandishi ikadhani ni maandishi ya kawaida, ikayachapa neno kwa neno. Printa haikuharibika, na hukuiharibu.

Ule wa lpd ni mkongwe zaidi, unapita poti 515. Ufute tu.

Ule wa implicitclass hukuuweka wewe. Umewekwa na programu ndogo iitwayo cups-browsed, ambayo hukaa nyuma ya pazia ikisikiliza printa zinazojitangaza kwenye mtandao na kuziongeza yenyewe. Nia yake njema, lakini wewe unaongeza kwa mkono na yenyewe inaongeza, orodha inajaa pacha. Tena Septemba 2024 mtafiti wa usalama Simone Margaritelli alitangaza kasoro nzito humo: programu hiyo ilikuwa ikipokea kwenye poti 631 ya UDP tangazo la printa kutoka kwa yeyote, na mtu mwenye nia mbaya angeweza kukuwekea printa ya uongo ambayo ukiichapia inaendesha amri zake. Marekebisho yalitoka, kwa hiyo sasisha kompyuta zote tatu. Kwa ofisi yenye printa moja mimi huizima kabisa kwa `sudo systemctl disable --now cups-browsed`, na sijawahi kuijutia hatua hiyo.

Sasa futa zote tano, moja baada ya nyingine, kwa `sudo lpadmin -x Leza-2` na majina mengine kama yanavyoonekana kwenye orodha yako. Usiache hata ile iliyofanya kazi siku mbili.

Nenda kwenye printa, chapa ukurasa wa taarifa za mtandao. Ukiona anwani inaanza na 169.254, simama hapo. Printa haijapewa anwani na ruta, imejipa yenyewe, na hakuna utakalofanya kwenye kompyuta likasaidia mpaka iunganishwe upya na Wi-Fi. Kwako sidhani ni hivyo kwa kuwa simu inachapa. Pale pale kwenye ukurasa kuna namba ya MAC, herufi na tarakimu 12 zilizotenganishwa mbilimbili. Inakili. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, tafuta sehemu ya DHCP, ambayo ndiyo inayogawa anwani, uiambie ruta kwamba mwenye MAC hii apewe anwani hii siku zote. Kazi hii ni ya dakika tano na ndiyo dawa ya ile printa yako iliyofanya kazi siku mbili ikanyamaza. Watu wengi wanairuka kwa kuwa haihusu Linux. Nakuomba usiiruke.

Hakikisha pia kompyuta zenu na printa ziko kwenye mtandao mmoja. Ruta nyingi zina Wi-Fi ya wageni, na kazi yake hasa ni kuzuia vifaa visionane. Nimewahi kumkuta mtu amebadilisha hadi Linux yenyewe, kumbe laptopu yake iko kwa wageni.

Ukishakuwa na anwani, tuseme ni 192.168.1.37, andika mstari huu mmoja:

`sudo lpadmin -p Leza -E -v ipp://192.168.1.37/ipp/print -m everywhere`

Lile neno everywhere mwishoni ndilo lenye kazi. Kompyuta itaipigia printa hodi na kuiuliza yenyewe: una trei ngapi, unachapa pande mbili, unajua karatasi gani, una rangi? Majibu ya printa ndiyo yanayochukua nafasi ya draiva. Kwa sababu hiyo printa iwe imewaka wakati unaandika amri, ikiwa imelala iguse kwanza. Kisha andika `lp -d Leza /etc/hosts`, faili dogo la maandishi lililo kwenye kila Linux, na uende ukasimame mbele ya printa.

Ikikataa kwa kusema haiwezi kuunganishwa, fungua kivinjari uandike anwani ya printa. Printa za mtandao huwa na ukurasa wake wa mipangilio, na humo IPP inaweza kuwa imezimwa. Iwashe, rudia amri.

Mambo mawili ya baadaye nakupa mapema ili usije ukaanza tena kuwinda draiva. La kwanza ni karatasi. Ukichapa ukaona printa inawaka taa ya kuomba karatasi na trei imejaa, kompyuta imeomba Letter na wewe umeweka A4. Letter ni ya Marekani, milimita 216 kwa 279, na A4 ni 210 kwa 297. Kwa macho zinafanana, printa haidanganyiki. Andika `lpoptions -p Leza -l`, utafute mstari wa PageSize. Kinyota kipo kwenye saizi inayotumika. Kama kiko Letter, `sudo lpadmin -p Leza -o PageSize=A4` itakihamisha. Angalia vilevile ndani ya LibreOffice, kwa kuwa hati yenyewe inaweza kuwa imezaliwa Letter.

La pili ni foleni kusimama. Kuna siku printa itazimwa katikati ya kazi, au karatasi itakwama, na CUPS, mfumo wa kuchapia wa Linux, inaweza kuisimamisha foleni. Printa itawashwa, karatasi itatolewa, lakini foleni itabaki imesimama mpaka mtu aifungue. Kila utakachochapa kitapanga mstari kimyakimya. `lpstat -p` itakuonyesha neno disabled, na `sudo cupsenable Leza` itaifungua. Ili isikurudie rudie, iambie ijaribu tena yenyewe: `sudo lpadmin -p Leza -o printer-error-policy=retry-job`.

Uliniuliza kama Linux haiwezi kuchapa, na hilo nataka ulijibu mbele ya mhasibu wako kwa kujiamini. Mfumo unaochapa kwenye Linux unaitwa CUPS. Michael Sweet alianza kuuandika mwaka 1997, ukatoka hadharani 1999. Mwaka 2002 Apple waliuchukua kuwa mfumo wa kuchapia wa kompyuta zao za Mac, na 2007 wakaununua na kumwajiri Sweet mwenyewe. Hadi leo Mac inachapa kwa CUPS. Siku hizi kwa upande wa Linux unaendelezwa na kundi la OpenPrinting, ambako Till Kamppeter amefanya kazi hii ya kuchapa kwa miaka mingi kuliko wengi wanavyojua. Mashaka yetu yanatoka kwenye zama za draiva, wakati kila kiwanda kilikuwa na lugha yake na mafaili yake, na zama hizo zinafungwa: wasanidi wa CUPS wameshatangaza kwamba draiva za mtindo wa zamani zitaondolewa kabisa. Kinachonikera ni kwamba maelekezo mengi yanayosambaa bado yanamwanzishia mtu na draiva, na mwenye printa ya juzi anateswa kwa dawa ya printa ya zamani.

Ikigoma baada ya yote haya, andika `cupsctl --debug-logging`, jaribu kuchapa mara moja, kisha unitumie mistari 30 ya mwisho ya faili /var/log/cups/error_log pamoja na jibu la `lpstat -t`. Usisahau kurudisha hali ya kawaida kwa `cupsctl --no-debug-logging`, faili hilo hunenepa haraka.

Dada Fundi, habari za kazi. Nilisoma kwamba CUPS ina ukurasa wake kwenye kivinjari, localhost:631. Nimeufungua vizuri, lakini nikibofya kuongeza printa kivinjari kinanionya kwamba mahali hapa si salama, kisha naulizwa jina na nywila. Naandika root, jina la msimamizi mkuu wa kompyuta, na nywila yangu, kinakataa. Nimeshapewa hadi neno Forbidden. Nywila gani inatakiwa?

Njema, kaka. Nywila ni yako mwenyewe, ile unayoingilia kwenye kompyuta, na jina ni lako, usiandike root. Kwenye Ubuntu na jamaa zake root hana nywila, kwa hiyo ungeandika mpaka kesho.

Lakini haitoshi kuwa na jina. CUPS inaangalia kama uko kwenye kundi la watu wanaoruhusiwa kusimamia printa, na kwenye Debian, Ubuntu na Mint kundi hilo linaitwa lpadmin. Andika `groups` uone kama limo. Kama halimo, `sudo usermod -aG lpadmin` ikifuatwa na jina lako, halafu utoke kabisa kwenye akaunti na kuingia tena. Hapo kwenye kutoka ndipo wengi wanapokwama, wanaongeza kundi, wanajaribu palepale, wanakataliwa. Na ile herufi a kwenye -aG isikuponyoke: ukiiacha utaondolewa kwenye makundi mengine yote, likiwemo la sudo, linalokuruhusu kutoa amri za msimamizi.

Onyo la usalama lisikutishe hapa. Kurasa za usimamizi hufunguka kwa njia iliyosimbwa, na cheti chake kompyuta yako imejiandikia yenyewe, kwa hiyo kivinjari hakimjui aliyekitia sahihi. Ni kompyuta yako inazungumza na kompyuta yako, kubali uendelee. Onyo hilohilo likikutokea kwenye anwani ya mbali, usikubali.

Binti yangu, hujambo. Mimi ni mstaafu. Nina printa ya zamani ya waya wa USB, bado nzima, na nina Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo sana, ambayo mjukuu aliniachia. Nasikia naweza kuviunganisha ili nyumba nzima ichape bila waya. Nimejaribu kuweka draiva ya kiwanda kwenye Pi, ikagoma kabisa. Ninakosea wapi?

Sijambo baba, shikamoo. Hukukosea kitu. Draiva nyingi za viwanda zimejengwa kwa ajili ya prosesa za Intel na AMD tu, na Pi ina prosesa ya ARM. Ni programu halali iliyoandikiwa mashine nyingine, na hakuna namna ya kuibembeleza.

Iache hiyo. Weka CUPS kwenye Pi pamoja na Gutenprint, ambayo ni mkusanyiko wa draiva huria na hujengwa kwa ARM pia: `sudo apt install cups printer-driver-gutenprint`. Chomeka printa, andika `lpinfo -v`, uone mstari unaoanza na usb:// wenye jina la printa yako. Ukiuona, waya na poti ni vizima. Halafu `lpinfo -m` itatoa orodha ndefu ya aina za printa zinazofahamika. Itafute yako humo. Kama haimo kwa jina lake lakini kitabu chake kinasema inajua PCL au PostScript, chagua ile ya jumla ya lugha hiyo. Angalizo langu ni moja: kama kitabu hakitaji lugha yoyote na kinasema printa inategemea kompyuta ya Windows, basi ni ile aina ambayo akili yake yote iko kwenye draiva, na bila draiva ya ARM haitachapa. Bora ulijue mapema kuliko kupoteza wiki.

Iongeze kwa `sudo lpadmin -p Jina -E -v` ikifuatwa na ile anwani ya usb://, kisha `-m` na aina uliyoichagua kwenye orodha. Ikishachapa ukurasa wa majaribio kutoka kwenye Pi, ifungulie wengine kwa `sudo cupsctl --share-printers` na `sudo lpadmin -p Jina -o printer-is-shared=true`, ukiweka jina uliloipa printa. Kuanzia hapo Pi ndiyo itakayojitangaza kwenye Wi-Fi kama printa ya IPP, na simu na laptopu za wajukuu zitaiona bila kuwekewa draiva, kwa kuwa draiva iko kwenye Pi peke yake. Fayawoli ikiwepo, iruhusu poti 631 ya TCP na 5353 ya UDP. Hiyo ya pili ndiyo printa hutumia kujitangaza, ikifungwa kila kitu kitafanya kazi lakini hakuna atakayeiona. Na Pi nayo, baba, ipe anwani ya kudumu kwenye ruta, kama nilivyomweleza yule katibu hapo juu.